Mhariri, boila za Ulaya tumezisoma. Sasa tuelezwe hita za kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi bomba, makazi yangu Mwanga, Kigoma, na kazi zangu nyingi ziko hapa mjini, Ujiji, Kasulu na Buhigwe. Majuzi gazeti lenu lilitoa makala kuhusu aina za boila zinazopasha joto nyumba za Ulaya. Makala ilikuwa nzuri na picha zake zilivutia. Kilichonifanya niandike ni kile kilichofuata huku kwetu: watu wameanza kuukata ukurasa ule, wanauleta kwa mafundi na kusema, "Nifungie hii."

Mmoja wao ni mwalimu mstaafu wa Kasulu, anayejenga nyumba yake pamoja na vyumba vichache vya wageni uani. Nilipofika aliniwekea ukurasa mezani, amezungushia kalamu nyekundu kisanduku cheupe kilichotundikwa ukutani. "Fundi, hiki hakina tangi, hakili nafasi, na wameandika maji ya moto yapo muda wote. Nataka hiki." Nikamuuliza, "Mwalimu, maji ya bomba yanakufikia siku ngapi kwa wiki?" Hakujibu kwa mdomo. Alinyoosha mkono dirishani kuonyesha simtanki lake, lile jeusi, juu ya mnara wa matofali.

Jibu lilikuwa pale pale juu ya mnara. Kisanduku alichokipenda ni boila ya kombi. Inachoma gesi inayoingia nyumbani kwa bomba. Ukifungua koki ya bafuni, maji yanatoka moja kwa moja kwenye mtandao wa barabarani, yanapita ndani ya boila, moto unawaka, na yanafika kwako yakiwa ya moto. Ukifunga koki, moto unazima. Wakati wa baridi boila hiyo hiyo inazungusha maji kwenye rejeta, yale makopo ya chuma ya ukutani yanayopasha joto kila chumba. Haina tangi kwa sababu mtandao wa maji wa kule una nguvu mchana na usiku. Gesi asilia ya bomba hapa nchini imezifikia nyumba katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, Mtwara na Lindi. Sisi Kigoma tunabeba mitungi. Na maji yetu ni ya mgao. Kombi bila presha ya uhakika ni pambo la ukutani.

Aina ya pili mliyoieleza, boila yenye silinda kubwa pembeni ya kuhifadhia maji ya moto, inafaa nyumba ambayo mabafu mawili au matatu hufunguliwa kwa wakati mmoja. Sina la kuongeza hapo. Hata zile zinazovuna joto kutoka kwenye moshi kabla haujatoka nje, ambazo Uingereza iliamua kuanzia mwaka 2005 kwamba boila mpya za gesi ziwe za namna hiyo, ni jambo la busara kwao wanaochoma gesi miezi mingi ya mwaka. Sisi hatuna rejeta na hatuzihitaji.

Ila aina ya tatu mliitaja kwa sentensi mbili tu mkaiita ya kizamani, na ndiyo niliyotamani mwandishi aikalie. Katika nyumba hizo kuna tangi la maji baridi juu ya dari. Maji yanashuka yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye boila na silinda. Halafu kutoka upande wa maji ya moto kuna bomba moja linalopanda mpaka juu ya tangi lile la darini, linapinda kama mpini wa mwavuli na kuishia mdomo wazi. Maji yakipanuka, au joto likizidi hadi mvuke ukatokea, pa kutokea ni pale. Hakuna koki kwenye bomba hilo, na hairuhusiwi kuwepo.

Nilimwambia Mwalimu: hii ambayo wenzetu wanaing'oa ndiyo ndugu wa nyumba yako. Wewe una simtanki juu, maji yanashuka kwa uzito wake, presha ni ndogo, na maji yapo hata siku ambayo mtaa mzima umekauka. Kwa hiyo tafuta hita inayoendana na maji ya namna hiyo.

Hilo ndilo ningependa wasomaji wenzangu walishike kabla hawajaingia dukani. Hita huchaguliwa kwa kuangalia maji yanaingiaje nyumbani kwako. Na hita yoyote, iwe ya umeme, ya jua, ya gesi au ya kuni, lazima iwe na pa kutolea presha, na kama inachoma kitu, pa kutolea moshi. Muuzaji akishindwa kukuonyesha vitu hivyo kwa kidole, nenda duka jingine.

Nianze na ile iliyoenea zaidi, hita ya shawa, inayofungwa juu ya kichwa cha mwogaji na kupasha maji yanapopita. Ni ya bei nafuu, na tangu umeme wa gridi ya taifa uingie mkoani kwetu kila chumba cha kupanga kinawekewa. Nyingi zina nguvu ya kilowati 3.5 hadi 5.5. Ile ya 5.5 inaweza kuchukua maji ya nyuzi 20, kama yanavyokuwa Kasulu asubuhi za Juni na Julai, na kuyafikisha nyuzi 40, lakini kwa kiasi cha lita 4 tu kwa dakika. Ukifungulia koki yote, maji yanapita haraka kuliko hita inavyoweza kuyapasha. Watu wengi wanaoniita kusema hita imekufa, hita yao ni nzima. Dawa ni kubana koki. Kwa kuoga dakika tano unatumia kama lita 20, ndoo moja, na karibu nusu uniti ya umeme. Kwa mtu mmoja au wawili hiyo ndiyo hita yenye matumizi madogo kuliko ya tangi, kwa kuwa haipashi maji ambayo hakuna anayeyaoga.

Shida yake ni waya. Kilowati 5.5 zinavuta ampea 24. Mara nyingi nakuta imeungwa kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5. Waya huo unapata moto ndani ya ukuta, ganda linayeyuka taratibu, na mwenye nyumba anasikia harufu akidhani ni ya jirani anayechoma takataka. Hita hiyo inadai waya wake peke yake, usiopungua milimita za mraba 4, kutoka kwenye ubao wa umeme hadi bafuni, na swichi yake yenyewe nje ya mlango wa bafu. Inadai pia waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulioshikwa kweli kweli, na kule kwenye ubao iwepo ile swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Mtu aliyesimama kwenye maji, mwili umelowa, hana kinga nyingine. Fundi umeme anayekwambia ethi si lazima kwa sababu hita ni ya plastiki, mshukuru, mlipe nauli yake, arudi kwake.

Sasa niseme habari ya hita ya tangi, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Hii ni ile pipa nyeupe ya lita 30, 50 au 80 inayoning'inizwa ukutani au kuwekwa darini. Ndani kuna koili ya umeme, themostati ya kukata umeme joto likifika kiwango ulichoweka, na fimbo ya magnesiamu ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Fimbo hiyo inapaswa kubadilishwa ikiisha. Kwa miaka yote ya kazi yangu ni wateja wachache mno walionipigia kuiulizia, na ndiyo sababu matangi yanatoboka mapema na lawama anabebeshwa muuza duka.

Kwenye mlango wa maji baridi kuna kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, chenye kimkono kidogo na kitundu pembeni. Hiyo ni valvu ya usalama. Inaruhusu maji kuingia, inayazuia yasirudi, na presha ikizidi inafunguka na kutema maji.

Niliitwa kwenye nyumba moja ya kupanga hapa mjini, mtaa siutaji. Mama mpangaji alisema hita inanguruma. Nilizima umeme kwanza, nikapanda ngazi. Nilipomulika tochi chini ya tangi nikaona valvu ipo, lakini kwenye kile kitundu cha kutemea maji mtu alikuwa amekaza bolti, akaizungushia utepe mweupe wa bomba, akaipaka gundi juu yake ili isilegee. Kazi safi kabisa. Nilipogusa tangi nikaondoa mkono. Nikamuuliza mama aliyeweka bolti ile. "Fundi aliyepita, baba. Ilikuwa inadondosha maji kila siku, mwenye nyumba akasema izibwe."

Mhariri, ile valvu ilikuwa inafanya kazi yake. Maji yakipashwa yanapanuka. Tangi la lita 50 likitoka nyuzi 20 kwenda 60, maji yale yanaongezeka karibu robo tatu ya lita, na hayo lazima yaende mahali. Valvu inayadondosha kidogo kidogo, kisha inanyamaza. Anayekereka na matone afunge kabomba kadogo kayapeleke kwenye kitundu cha sakafuni. Ukiziba, presha inabaki ndani ikilisukuma tangi kila siku. Themostati nayo ikija kugoma, umeme hauzimiki, joto linapita kiwango cha kuchemka huku maji yakiwa yamebanwa. Siku tangi linapopasuka, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji uliyotokana nayo. Ukuta wa tofali hausimami mbele yake.

Nililia moyoni kwa sababu nyuma ya ukuta ule, upande wa pili, palikuwa na kitanda cha watoto. Nilikata maji, nikasubiri tangi lipoe, nikaiondoa valvu nzima na kuweka mpya. Ile ya zamani, na bolti yake, ninayo kwenye boksi la vifaa, na kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu naanza kwa kumwekea mkononi.

Marehemu baba yangu alifanya kazi chumba cha mashine cha Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, enzi ilipokuwa bado ya mvuke, kabla haijafungwa injini za dizeli miaka ya 1970. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Kwa hiyo mji huu umeishi na boila kubwa kwa zaidi ya nusu karne, na wazee wetu walizijua. Baba alikuwa akitwambia vitu viwili ambavyo mtu wa chumba kile hakuthubutu kuvichezea: kioo kinachoonyesha usawa wa maji ndani ya boila, na valvu ya usalama. Mtu akikutwa amening'iniza uzito kwenye valvu ili presha isitoke, hakupanda meli tena. Ujuzi huo tulikuwa nao. Sasa tunaleta majumbani vyombo vinavyofuata kanuni ile ile, na tunaviziba kwa bolti.

Kuhusu umeme wa hita ya tangi: kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula uniti mbili na theluthi. Fanya hivyo kila siku, mwezi unafika uniti 70. Wale walio kwenye kundi la matumizi madogo la LUKU, ambalo bei nafuu inaishia uniti 75 kwa mwezi, hita peke yake inawamalizia karibu zote kabla ya taa, friji na pasi. Wanakuja kulalamika kwamba LUKU inakimbia. Iwasheni saa moja na nusu kabla ya kuoga, kisha zimeni. Ila msiishushe joto mpaka ikawa vuguvugu ya siku nzima, maana vijidudu vinavyoleta homa ya mapafu vinapenda sana maji ya namna hiyo yaliyotuama. Yafike nyuzi 60, halafu uyachanganye na baridi kwenye koki, kwa sababu nyuzi 60 zenyewe zinamuunguza mtoto kwa sekunde chache.

Kwa Mwalimu wa Kasulu nilipendekeza hita ya jua, na ndiyo tuliyofunga. Ile yenye mirija ya vioo na tangi juu yake haina pampu wala umeme: maji yaliyopata joto ndani ya mirija ni mepesi, yanapanda tangini, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake, na mzunguko huo unaendelea jua likiwapo. Tangi lake si la presha kubwa, kwa hiyo linataka kulishwa na simtanki lililo juu yake kidogo, kitu ambacho Mwalimu alikuwa nacho tayari. Kwenye tangi lile pana kipumulio kinachobaki wazi daima. Ukiliunga moja kwa moja na pampu au ukakiziba kipumulio, tangi linavimba. Tuliilaza ikitazama kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta na jua la Juni, mwezi ambao watu wa Kasulu wanayataka maji ya moto hasa, linapita upande wa kaskazini.

Jambo moja mafundi hawawaambii wateja. Maji yakikatika na mirija ikakauka, jua la mchana linaichoma hadi inakuwa ya moto sana. Mgao ukirudi saa saba mchana na maji ya baridi yakaingia kwa pupa, vioo vinaweza kupasuka. Ikiwa imekauka, funga koki ya kuingizia, subiri jioni au alfajiri ndipo ujaze. Mwalimu ameyaandika hayo kwa mkono wake kwenye karatasi na kuibandika chini ya mnara.

Zipo pia boila zetu za kuni. Kwenye mabweni, nyumba za masista na baadhi ya nyumba za wageni utakuta pipa la chuma la lita 200 limejengewa jiko la matofali na bomba la moshi, maji yanaingia chini, ya moto yanatoka juu. Sizidharau hata kidogo. Kwa mahali penye watu wengi zinafanya kazi nzuri, na zikijengewa jiko lililofunikwa vizuri zinaokoa kuni nyingi. Ninachoomba ni kwamba pipa hilo lisifungwe pande zote. Nimewahi kukuta limewekewa koki ya kuingizia na koki ya kutolea, zote zimefungwa, na moto unawaka chini. Wekeni lile bomba la kupumulia linalopanda juu kuliko simtanki, lisilo na koki. Kuni hazina themostati.

Na hatimaye moshi. Huku Buhigwe, Manyovu na Kasulu, chombo cha kupasha nyumba joto kwa familia nyingi ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa Juni. Makala yenu ilikuwa ya kupasha nyumba joto, na hili halikuguswa. Mkaa uliokolea, hata usiotoa moshi wa kuonekana, unatoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hakohoi, haamki. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unamzidi. Mlango ukifungwa, inatosha. Waingereza kwa sumu hiyo hiyo wamefikia kuweka sheria kwamba fundi anayegusa boila ya gesi lazima awe amesajiliwa, na bomba la moshi litoke nje ya nyumba. Kwetu zimeanza kuuzwa hita za maji za gesi ya mtungi, zinazowaka ukigeuza koki, na nimeona zikifungwa ndani ya bafu dogo lenye dirisha la futi moja. Hita hiyo mahali pake ni ukuta wa nje. Na jiko la mkaa mahali pake ni uani. Pasheni maji, jazeni chupa, mfunike watoto blanketi la ziada.

Naomba mambo machache ya kutendeka. Wauzaji wa hita, valvu ya usalama iuzwe ndani ya boksi la hita, pasiwe na mteja wa kuambiwa "hiyo ni ya hiari", na maelekezo yawe ya Kiswahili. Wenye nyumba za kupanga, mpeni fundi ruhusa ya kuikagua valvu kila mwaka kwa kukinyanyua kile kimkono hadi maji yatoke. Ni kazi ya dakika moja. Wenzangu mafundi, mwenye nyumba akikwambia uizibe, kataa kazi.

Na kwenu wahariri, ombi langu ni picha. Chapisheni picha ya valvu ile, kubwa ya kuonekana vizuri, mshale ukionyesha kitundu kisichotakiwa kuzibwa. Nitanunua nakala za kutosha na kuzibandika kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwanga, Ujiji na Kasulu, kwa ruhusa ya wenyewe, na nimeshaongea na wawili wamekubali.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi bomba,
Mwanga, Kigoma.